Sura ya Nne: Presha, Neno Moja Lenye Kazi Nyingi

Swali ambalo wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki huulizwa mara kwa mara, na ambalo husikika pia misibani, vijiweni na katika vyumba vya kusubiria matibabu, ni hili: mtu asiye na mawazo, anayelala vizuri na asiye na ugomvi na yeyote, anawezaje kuambiwa kwamba ana presha? Swali hilo lina pacha wake, ambalo huulizwa na mtu aliyepimwa na kukutwa mzima: kama kipimo hakionyeshi presha, mbona moyo unamwenda mbio kila anapokumbuka ada za watoto na kodi ya nyumba?

Wanaouliza maswali hayo si wajinga, na maswali yenyewe yana mantiki. Tatizo limo katika neno. "Presha" ni neno lililokopwa kutoka Kiingereza, ambako "pressure" hutumika kwa mambo ambayo Kiswahili huyapa majina tofauti: nguvu ya vitu, hewa ya angani, damu mwilini, msukumo wa watu na uzito wa mawazo. Msemaji wa Kiswahili anapoyaita yote hayo presha, huanza kudhani kwamba yana chanzo kimoja na tiba moja. Sura hii inazieleza maana hizo moja baada ya nyingine, kisha inaonyesha mahali ambapo kuzichanganya kunahatarisha maisha.

Neno lilikoanzia

Mzizi wa neno hilo ni kitenzi cha Kilatini "premere", chenye maana ya kukandamiza au kubana, ambacho kilipitia Kifaransa cha zamani kabla ya kuingia katika Kiingereza katika karne ya 14. Jambo la kuzingatia ni kwamba Waingereza wa wakati huo walilitumia neno lao kwanza kutaja dhiki na mateso, yaani kile kinachomlemea mtu moyoni, na matumizi ya kisayansi, yanayohusu vimiminika na hewa, yalikuja katikati ya karne ya 17. Kwa hiyo maana ya dhiki na maana ya kipimo zilikaa ndani ya neno moja tangu zamani, na zilipofika Afrika Mashariki zilifika zikiwa bado pamoja.

Kiswahili chenyewe hakikuwa na upungufu wa maneno. Kipo kitenzi "kushinikiza", ambacho kimezaa shinikizo, neno ambalo zamani lilitaja pia chombo cha kubania au kukamulia vitu. Kipo "kugandamiza", kilichozaa mgandamizo. Kipo "kusonga", kitenzi kilekile cha anayesonga ugali au kusonga nywele, kilichozaa msongo. Wataalamu wa istilahi waliongeza neno la kitaalamu, kanieneo, kwa kuunganisha kani na eneo. Kila neno kati ya hayo lina kazi yake, kama itakavyoonekana.

Maana ya kwanza: nguvu inayogawanywa kwa eneo

Katika fizikia, yaani elimu ya maumbile ya vitu na nguvu, "pressure" ni kanieneo. Kani ni nguvu inayosukuma au kuvuta kitu, na kanieneo ni kiasi cha kani hiyo kinachoangukia kila sehemu ya eneo linalosukumwa. Hupatikana kwa kugawanya kani kwa eneo, na kizio chake cha kimataifa huitwa paskali, kwa heshima ya Mfaransa Blaise Pascal. Paskali moja ni kani ya nyutoni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba.

Maana hiyo inaeleza mambo ambayo kila mtu huyaona. Sindano hupenya nguo kwa msukumo mdogo wa kidole kwa sababu kani yote hukusanyika kwenye ncha, na kisu hunolewa ili ukingo wake uwe mwembamba na kani ile ile ya mkono iangukie eneo dogo zaidi. Ikichukuliwa kwamba mwanamke mwenye uzito wa kilo 60 amevaa viatu vya mchuchumio, na kwamba nusu ya uzito wake imeangukia kisigino chenye eneo la sentimita moja ya mraba, kanieneo chini ya kisigino hicho hufikia takriban paskali milioni 3. Tembo wa tani 4, ambaye kila wayo wake una eneo la sehemu ya kumi ya mita ya mraba, hukandamiza ardhi kwa takriban paskali 100,000 tu. Kisigino hicho, ambacho kani yake ni ndogo sana, hukandamiza mara 30 zaidi ya mguu wa tembo kwa sababu eneo lake ni finyu.

Mafundi wa magari wana neno lao kwa jambo hilo hilo, nalo ni upepo. Tairi "lisilo na upepo" ni tairi ambalo hewa iliyomo ndani haisukumi kuta zake kwa kani ya kutosha, na kipimo kinachosomwa kwenye mashine ya kujazia upepo ni kanieneo ya hewa ya ndani iliyozidi ile ya hewa ya nje.

Kwa ufupi: kanieneo ni suala la vipimo. Haina furaha wala huzuni, na hupatikana kwa hesabu ya kani na eneo.

Maana ya pili: hewa inayotulemea bila kuhisiwa

Hewa ina uzito, ingawa watu wengi huishi bila kuufikiria. Katika usawa wa bahari, safu ya hewa iliyo juu ya kila sentimita moja ya mraba ya ardhi ina uzito wa takriban kilo moja. Mwili wa binadamu haupondeki kwa sababu vimiminika na hewa vilivyomo ndani yake husukuma kuelekea nje kwa kiasi hicho hicho. Mwaka 1643, Mwitaliano Evangelista Torricelli alionyesha kwamba mgandamizo huo wa hewa unaweza kushikilia safu ya zebaki, yaani madini mazito ya majimaji, yenye kimo cha milimita 760 hivi ndani ya bomba la kioo. Mwaka 1648, shemeji yake Pascal, Florin Périer, alipanda na bomba la aina hiyo katika mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda, jambo lililothibitisha kwamba hewa hupungua uzito juu milimani.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa wazi zaidi. Juu ya kilele cha Kilimanjaro, chenye kimo cha mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na hiyo ndiyo sababu ya wapandaji kuhema sana na kuumwa kichwa, kwa kuwa kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Maji nayo huchemka huko kwenye nyuzijoto 80 hivi badala ya 100, kiasi kwamba maharage yanaweza kutokota kwa muda mrefu mno bila kuiva. Sufuria la presha, ambalo Mfaransa Denis Papin alibuni mfano wake wa kwanza mwaka 1679, hufanya kinyume chake: hufungia mvuke ndani, mgandamizo ukaongezeka, na maji yakafikia nyuzijoto 120 hivi kabla ya kuchemka, ndipo maharage yakaiva upesi.

Watabiri wa hali ya hewa nao huzungumzia mgandamizo mkubwa na mgandamizo mdogo wa hewa, wakimaanisha maeneo ambayo hewa ni nzito na maeneo ambayo ni nyepesi. Hewa hutiririka kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo, na mtiririko huo ndio upepo. Wakati wa baridi ya kaskazini, bara la Asia hupoa na mgandamizo juu yake huongezeka, hivyo pepo za kaskazi huvuma kuelekea pwani ya Afrika Mashariki; katikati ya mwaka Asia hupata joto, mgandamizo wake hupungua, na pepo za kusi huvuma kurudi kaskazini. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman, India na Uswahilini yalisafiri kwa kufuata mabadiliko hayo ya mgandamizo. Kimbunga nacho, kama Hidaya kilichoikumba pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, hujengeka kuzunguka kitovu chenye mgandamizo mdogo sana wa hewa.

Kwa ufupi: hali ya hewa huhitaji neno mgandamizo, na kinachopimwa ni uzito wa hewa juu ya mahali.

Maana ya tatu: damu inayosukuma kuta za mishipa

Maana ya tatu ndiyo ambayo watu wengi huikusudia wanaposema "kupima presha". Jina lake la Kiswahili ni shinikizo la damu, yaani nguvu ambayo damu hutumia kusukuma kuta za mishipa inayoitoa moyoni na kuipeleka mwilini. Kila mtu aliye hai ana shinikizo la damu. Asipokuwa nalo, damu haiwezi kufika kwenye ubongo wala figo. Kauli "ana presha", ikichukuliwa kwa maana yake halisi, ingemhusu kila mtu. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu, ambalo hubakia juu kuliko inavyotakiwa siku baada ya siku.

Mtu wa kwanza kupima nguvu hiyo na kuchapisha matokeo alikuwa Mwingereza Stephen Hales, mwaka 1733. Aliingiza bomba la kioo katika mshipa wa farasi na kuona damu ikipanda zaidi ya mita mbili na nusu. Njia hiyo haikufaa kwa wagonjwa, na ilibidi kusubiri hadi mwaka 1896, Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alipobuni mkanda wa kujazwa hewa unaobana mkono, uliounganishwa na safu ya zebaki. Mwaka 1905, daktari Mrusi Nikolai Korotkov aliongeza usikilizaji wa sauti za mshipa chini ya mkanda huo, na tangu hapo namba mbili zikawa zinapatikana.

Namba hizo ndizo zinazowatatiza wengi. Zikiandikwa 120/80, ya juu huonyesha shinikizo moyo unapojikaza na kusukuma damu, na ya chini huonyesha shinikizo moyo unapolegea na kujaa damu upya. Zote hutajwa kwa milimita za zebaki: 120 ina maana kwamba nguvu ya damu ingeweza kuinua safu ya zebaki kwa milimita 120. Kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, nguvu hiyo hiyo ingeinua maji zaidi ya mita moja na nusu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu iwapo vipimo vya siku mbili tofauti vimeonyesha namba ya juu ya 140 au zaidi, au namba ya chini ya 90 au zaidi.

Mpira wa kumwagilia bustani unaweza kusaidia kueleza kinachotokea. Maji yakifunguliwa kwa nguvu mno, au mpira ukiwa mgumu na mwembamba, kuta zake hupata taabu muda wote, ingawa mtu anayeutazama kwa nje haoni dalili yoyote hadi siku unapopasuka. Kwa kuwa mishipa mingi ya damu haitoi taarifa ya maumivu inaposukumwa kupita kiasi, mtu anaweza kuishi miaka mingi na shinikizo la 170/100 bila kuumwa kichwa wala kuhisi kizunguzungu, huku moyo, figo, macho na ubongo vikiharibika taratibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana tatizo hili, na kwamba karibu nusu yao hawajui.

Kwa wagonjwa walio wengi hakuna chanzo kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole. Yanayochangia ni pamoja na:

- umri unaoongezeka, kwa kuwa mishipa hupoteza ulaini wake;
- urithi wa ukoo;
- chumvi nyingi katika chakula, wakati inashauriwa isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai;
- uzito uliopita kiasi na kutofanya mazoezi;
- pombe na tumbaku;
- magonjwa ya figo na ya homoni, na wakati mwingine ujauzito.

Kwa ufupi: shinikizo la damu hujulikana kwa kipimo, na mwenye nalo anaweza kuwa na furaha tele.

Maana ya nne: watu wanaposukuma watu

Katika siasa, kazi na malezi, "pressure" ni msukumo ambao watu huweka juu ya watu wengine ili watende jambo fulani. Kiswahili sanifu hutumia shinikizo hapa pia, lakini kwa kulitaja chimbuko lake: shinikizo la wafadhili, shinikizo la wapiga kura, shinikizo rika. Kundi la shinikizo ni watu waliojiunga ili kuisukuma serikali au kampuni ibadili uamuzi bila wao wenyewe kugombea madaraka. Shinikizo rika ni msukumo ambao vijana wa umri mmoja huwekeana katika mavazi, starehe au masomo, na si lazima liwe baya, kwani kijana anayezungukwa na wenzake wanaosoma kwa bidii husukumwa kusoma.

Jambo linalotofautisha maana hii na zilizotangulia ni kwamba lazima kuwe na anayeshinikiza na anayeshinikizwa, na anayeshinikizwa anaweza kukataa. Mtu anayemwambia mwenzake "usinipe presha" analalamikia tendo la mwenzake, na dawa yake ni mazungumzo, msimamo au sheria.

Maana ya tano: mzigo wa mawazo

Maana ya mwisho ni hali ya ndani ya mtu anayehisi kwamba madai ya maisha yamezidi uwezo wake. Jina lake la Kiswahili ni msongo wa mawazo. Dalili zake hujulikana na mwenyewe: usingizi unakatika, hasira inakuwa karibu, moyo unakwenda mbio, chakula hakina ladha. Watazamaji wa mechi ya Simba na Yanga wanaposema kwamba dakika za mwisho zimewapandisha presha, husema juu ya hali ya aina hiyo, japo ya muda mfupi. Msongo wa muda mrefu ni tatizo halisi linalostahili msaada wa ndugu, mshauri au daktari, na haupaswi kudharauliwa kwa sababu tu mkanda wa kipimo haukuuonyesha.

Maana zinapogongana

Hatari huanza pale maana ya tatu na ya tano zinapoitwa kwa jina moja. Mtu aliyezoea kusikia kwamba presha ni mawazo huamini kwamba, kwa kuwa hana mawazo, hana haja ya kupimwa. Mwingine aliyegunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu huanza dawa, anatulia moyoni baada ya shida zake kupungua, kisha anaacha kumeza vidonge kwa sababu anahisi presha imekwisha. Shinikizo lake hurudi juu kimya kimya, na ndugu hupata habari kwa kiharusi, yaani ugonjwa wa ghafla unaotokea sehemu ya ubongo inapokosa damu au mshipa wake unapopasuka. Yupo pia anayesumbuliwa na msongo wa mawazo na kutumia vidonge vya presha vya jirani, ambavyo havitaondoa msongo na vinaweza kumshusha shinikizo hadi akazimia.

Kauli za "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" nazo huongeza utata, kwa kuwa husikika kama kupanda na kushuka kwa hisia. Kinachoitwa presha ya kushuka ni shinikizo dogo la damu, kwa kawaida chini ya 90/60. Likiambatana na kizunguzungu au kuzimia, linaweza kuashiria upungufu wa maji mwilini, kutokwa damu au athari ya dawa. Mtu anayetetemeka na kutoka jasho kwa njaa anaweza kuwa amepungukiwa sukari, na kumwita mwenye presha ya kushuka kunachelewesha msaada anaouhitaji.

Je, mawazo hayapandishi shinikizo kabisa?

Ukweli kamili una sehemu mbili. Mtu anapoogopa au kukasirika, mwili hutoa adrenalini, ambayo ni homoni, yaani kemikali inayopeleka maagizo kupitia damu. Moyo hupiga kwa kasi, mishipa hujikaza na shinikizo hupanda. Hofu ikiisha, shinikizo hushuka. Ndiyo maana baadhi ya watu huonyesha namba kubwa mbele ya daktari na za kawaida wakiwa nyumbani, na ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Anayepimwa anapaswa kukaa kwa utulivu dakika 5, bila kuongea, miguu ikiwa imekanyaga chini na mkono ukiwa usawa wa moyo, naye awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita.

Sehemu ya pili ni kwamba msongo wa muda mrefu unaweza kuchangia kwa njia ya kuzunguka: aliyelemewa hulala kidogo, hunywa pombe zaidi, huacha mazoezi na husahau dawa. Kumsaidia apunguze msongo ni jambo jema linalosaidia tiba, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya kipimo na dawa.

Muhtasari wa sura

- Kwa vitu na vimiminika: kanieneo; kwa matairi, mafundi husema upepo.
- Kwa hali ya hewa: mgandamizo wa hewa.
- Kwa damu: shinikizo la damu, likitajwa kuwa la juu au dogo.
- Kwa watu: shinikizo la fulani, likitaja anayeshinikiza.
- Kwa moyo na akili: msongo wa mawazo.

Hakuna sababu ya kulifukuza neno presha katika mazungumzo, kwa kuwa limeshazoeleka na watu huelewana nalo. Linalohitajika ni desturi ya kuuliza, kila linapotamkwa katika habari ya afya, ni presha ipi inayozungumziwa. Jibu likiwa ni la damu, mtu mzima yeyote, mwenye furaha au mwenye huzuni, apeleke mkono wake ukapimwe, azikumbuke namba zake mbili, na asiache dawa aliyoandikiwa kabla ya kumwona aliyemwandikia.